Kimya cha Ndege, Kimya cha Chura

Ndugu zangu, nifuateni hadi milimani, mahali ambapo maji yana baridi ya kuuma meno na migomba imepandwa mpaka mlangoni. Huko palikuwa na ukoo mmoja uliosifika kwa jambo moja tu: ulijua kuomboleza. Koo nyingine zilijua kufuga, nyingine zilijua kufua chuma. Huu ulijua kulia. Na waliyemlilia hakuwa mtu. Alikuwa ndege.

Ndege huyo aliishi katika msitu ulio juu ya mashamba yao. Alikuwa mweusi wa kung'aa, na katikati ya mkia wake palikuwa na unyoya mmoja wa rangi ya moto. Kila mwaka, mvua za kupandia zilipokaribia, alishuka mpaka ukingo wa msitu akalia, na kabla hajalia hakuna aliyethubutu kutia jembe ardhini. Walimwita ndege wa mbiu. Walimpenda.

Sikilizeni basi walivyompenda. Kijana alipooa, ilikuwa lazima avae kofia iliyochomekwa ule unyoya wa moto, na unyoya ulipatikana kwa njia moja tu, ulimbo uliopakwa kwenye tawi. Ndege wakapungua. Je, walipopungua, kuna aliyesema tupumzike? Hakuna. Kila baba alisema, "Mwanangu asiwe wa kwanza kuoa bila unyoya." Kadiri ndege alivyoadimika, ndivyo unyoya wake ulivyozidi kuwa heshima, na ndivyo vigae vya ulimbo vilivyozidi kubebwa msituni. Mpaka ukafika mwaka ambao mvua zilinyesha bila mbiu. Watu wakatazamana majembe yakiwa begani, hawajui waanze au wangoje.

Ndipo ukoo ukaanza kulia.

Wakaweka desturi, wakaiita Kimya. Kila mwaka kabla ya kupanda, ukoo wote ulikusanyika kwenye mteremko unaotazama msitu, wanaume wamevua kofia, wanawake wamejitanda. Waliketi bila neno mpaka jua lilipoondoka kwenye jabali lililo mbele yao. Kisha mwenye kusimamia siku hiyo alisimama akasema, "Hajalia." Na watu wote wakaitikia, "Tumesikia." Basi. Wakaenda kupanda. Aliyeianzisha desturi hiyo ni mtu yuleyule aliyepaka ulimbo wa mwisho, kwa ajili ya harusi ya mdogo wake. Aliianzisha kwa machozi ya kweli, na alipokufa mwanawe akaipokea.

Huyo mwana ndiye nataka tumwangalie. Alikuwa mwenyekiti wa Siku ya Kimya. Ule unyoya wa mwisho ulikuwa sebuleni kwake ndani ya fremu ya kioo, naye aliufuta vumbi kwa mkono wake mwenyewe, hakumwachia mke wala mtoto. Alikuwa mtu mwema. Nasema mapema kwamba alikuwa mwema, kwa sababu mkisikia alichokifanya mtataka kumsukuma mbali nanyi, na mimi sitaki mumsukume mbali.

Chini ya lile jabali palikuwa na maporomoko madogo. Maji yalianguka kwenye mawe, yakarusha manyunyu mchana na usiku, na penye manyunyu paliota kuvu na majani laini yasiyokauka mwaka mzima. Hapo ndipo alipoishi chura. Chura mwenyewe mdogo kama ukucha wa kidole gumba, rangi yake kama ugoro, hana uzuri wa kumsimamisha mpita njia. Alipolia alitoa sauti kama kijiko kinachogonga kikombe cha bati: keng', keng', keng'. Hakuna aliyemtungia wimbo. Hakuna aliyechomeka kitu chake kwenye kofia.

Karibu na maporomoko hayo alikaa dada mkubwa wa mwenyekiti, aliyerudi nyumbani kwao baada ya kufiwa na mume. Wakati fulani walipita watafiti na mabegi yao, wakaomba kulala kwake. Asubuhi walimwambia kwamba chura yule hawajawahi kumwona kwingine.

"Kwingine wapi?" dada akauliza.

"Kokote duniani, mama."

Dada akacheka mpaka akashika kiuno. "Kumbe nina jirani ambaye hata wafalme hawana!"

Alipomsimulia mdogo wake, mwenyekiti alijibu, "Chura ni chura, dada," akaendelea kunywa chai.

Sasa, zamani za baba yao Kimya kilikuwa cha ukoo peke yake. Lakini kwa mwenyekiti huyu Siku ilikua. Wana wa ukoo walio mjini wakaanza kuja na wake zao na wakwe zao, pakafungwa maturubai, pakaletwa vipaza sauti. Mwaka mmoja wageni walijaa kuliko wakati wowote. Watu wameketi, jua linasogea kwenye jabali, kimya kimeshuka mpaka unasikia mtu akimeza mate. Na kutoka chini kwenye mawe: keng', keng', keng'.

Mtoto mmoja akacheka, mama yake akamfinya. Halafu shemeji mmoja kutoka mjini akamwinamia jirani yake, na sauti yake ikawa kubwa kuliko alivyokusudia: "Mbona marehemu anaitika?"

Mteremko mzima ukapasuka kwa kicheko. Wazee waliinamisha nyuso ili wasionekane wakicheka, mabega yakawasaliti. Mwenyekiti alisimama akasema, "Hajalia," lakini walioitikia walikuwa wakifuta machozi ya kicheko, si ya msiba. Uso ulimwaka. Alimfikiria baba yake kaburini. Kicheko kile alikaa nacho mwaka mzima kama mfupa wa samaki kooni.

Mwaka uliofuata, Siku ilipokaribia, alipata dawa. Juu ya jabali ulikuwapo mfereji wa mababu, uliogeuza maji upande wa pili wakati wa zamu za kumwagilia. Zamani waliyageuza nusu tu, na kwa muda mfupi. Kuyafunga yote ni kazi ya asubuhi moja: vigogo vya migomba, majani, udongo wa kushindilia. Watu wa huko hufundishwa kufunga maji kabla hawajafundishwa kuandika. Na chura asipolowa, halii.

Akaenda kwa dada yake kumwarifu, kwa kuwa hakuwa mtu wa kufanya mambo kwa siri.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mwenyekiti. Karibu." Alimwita hivyo tangu alipochaguliwa, na hakuwa akimsifu. Alikuwa akipepeta maharage, hakuinua macho. "Nasikia unakuja kunifungia maji."

"Nani kakuambia?"

"Vijana wako wanakata migomba tangu jana. Nidhani siku hizi machalari yanapikwa kwa vigogo badala ya ndizi?"

"Ni mpaka Siku ipite tu. Maji yako ya kunywa wataleta kwa madumu, mpaka hapa mlangoni."

"Sikuuliza ya kwangu. Na jirani yangu naye atanywea kwenye dumu?"

"Atahama, dada. Mnyama hakosi pa kwenda."

"Waliolala hapa walisema hana pengine. Huyu hanywi kwa mdomo, mdogo wangu, anakunywa kwa ngozi. Ukimkausha leo, kesho huna wa kumlowesha."

Mwenyekiti akavua kofia, akaipigapiga gotini. "Mwaka jana tulichekwa. Kimya cha baba kilichekwa mbele ya wakwe."

"Baba aliketi na kelele za vyura hawa mpaka anakufa, wala hakuona wanamharibia. Ndege amekufa. Hata ukinyamazisha mto, hatalia. Lakini huyu analia. Huyu yupo."

"Unamlinganisha ndege wa mbiu na chura?"

"Silinganishi mimi." Sasa akainua macho. "Wewe ndiye umewaweka kwenye mizani, ukaona aliyekufa ana uzito kuliko aliye hai."

Mwenyekiti akarudisha kofia kichwani. Huko njiani vijana walikuwa wamekwisha fika, vigogo vya migomba mabegani, wamesimama wakimngoja.

"Haya, niambie," dada akasema kwa sauti nyingine, ya chini. "Unataka kumsikia ndege?"

"Unasemaje?"

"Mimi nilimsikia. Wewe ulikuwa mgongoni kwa mama, hujaota meno. Yule wa mwisho, kabla baba hajampata, alishuka mpaka pale kwenye jiwe, na mimi nilikuwa nikichota maji. Sauti yake ninayo. Keti hapa jioni, chura akianza, nikupigie mluzi umsikie ndege wa baba yako."

Nanyi mnajua jinsi inavyosemwa kwetu: mwanamke hapigi mluzi. Ndiyo maana hakuna aliyejua kwamba anayo sauti ya ndege. Alikuwa akiupiga peke yake jioni, kwa chura.

Mwenyekiti alitazama njiani, akaona aibu kana kwamba vijana wamesikia. "Mama mzima kama wewe upige mluzi, dada? Watu watasemaje? Tena wananingoja. Nitakuja. Baada ya Siku."

"Baada ya Siku," dada akarudia. "Haya."

Maji yakafungwa.

Ilikuwa Siku nzuri kuliko zote. Kimya kilikuwa safi, hakuna cha kijiko wala cha kikombe. Jua lilipoondoka kwenye jabali mwenyekiti alisimama. "Hajalia." Na mteremko wote ukaitikia kama mtu mmoja, "Tumesikia." Yule shemeji wa mjini alilia machozi, akamshika mkono akasema, "Leo nimeelewa." Mwenyekiti alimtafuta dada yake kwa macho kati ya wanawake. Dada aliketi kiganja mdomoni, wala hakuitikia.

Kesho yake maji yalifunguliwa. Yakaanguka kwenye mawe kama zamani, yakarusha manyunyu kama zamani. Dada aliinama kwenye kuvu akaokota alichokikuta, vitu vidogo, vyepesi, vilivyokunjamana kama maganda ya maharage. Akatuma mtu aende akamwambie mwenyekiti: "Maji yamerudi. Jirani yangu hajarudi." Mwenyekiti alikuwa na wageni wa kusindikiza. Akajibu, "Mpeni pole."

Na ule mluzi? Baada ya Siku kulikuwa na kupanda, baada ya kupanda palizi, baada ya palizi harusi ya mpwa. Mnajua wenyewe jinsi mwaka unavyokwenda.

Kisha watafiti wakarudi. Walitambaa kwenye mawe kwa magoti, jua kali, mvua, hawakupata hata mmoja. Habari ikatangazwa redioni: chura ambaye hayupo popote pengine sasa hayupo hata pale. Simu zikapigwa kutoka mjini, watoto wa ukoo wakiuliza kwa nini hawakuambiwa kwamba walikuwa na chura wa namna hiyo. Ukoo ukashtuka. Ukashika kichwa.

Halafu ukafanya nini? Ukafanya ulichokijua. Ukaunda kamati. Kando ya mteremko pakajengwa chura wa saruji, mkubwa kama ng'ombe aliyelala, akapakwa rangi ya dhahabu ambayo maisha yake yote hakuwa nayo. Zikashonwa fulana zenye picha yake. Mwenyekiti akatoa hotuba kwenye kipaza sauti, na kila aliposema "chura wetu" alinyoosha mkono kuielekea ile saruji. Chura wetu! Ndugu zangu, tangu lini akawa wao? Tangu alipokufa.

Baada ya hotuba hiyo yule shemeji wa mjini, ambaye sasa hakukosa Siku hata moja, akasema, "Mwenyekiti, kinachopungua ni kimoja. Laiti tungepata sauti ya ndege yenyewe, tukaiweka kwenye spika baada ya Kimya. Hakuna mzee hata mmoja aliyemsikia?"

Mwenyekiti akamkumbuka dada yake. Aliondoka bila kuaga, akateremka kwenye maporomoko akikimbia kama kijana, simu yake mkononi, tayari kwa kurekodi.

Dada alikuwa mlangoni. Alikuwa amepungua, mifupa ya mashavu imetokeza.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba." Akamtazama juu mpaka chini. "Baada ya Siku imefika?"

"Nisamehe. Nimekuja unipigie ule mluzi."

"Siku hizi mwanamke anapiga mluzi?"

"Dada, nakuomba."

Alimwonea huruma, maana alikuwa mdogo wake, na alimbeba mgongoni kabla hajawa mwenyekiti wa kitu chochote. Akalowesha midomo kwa ulimi. Akageukia maporomoko, akangoja kidogo, kichwa ameinamisha upande kama mtu anayesubiri kukaribishwa. Kisha akapuliza. Ikatoka pumzi tupu. Akapuliza tena. Ikatoka sauti, lakini ilikuwa sauti ya mtu yeyote anayeita mbuzi.

"Siye," akasema. "Siye huyo."

"Pumzika kwanza, ujaribu tena."

"Si pumzi." Alikaa chini kwenye kizingiti. "Ndege yule aliingia katikati ya chura. Chura anagonga, ndege anapanda juu yake, anamwacha, anamrudia. Miaka yote hii jioni nangoja chura aanze, namfuata, na ndege namkuta palepale alipokaa. Si mimi niliyekuwa nikimkumbuka. Chura ndiye alikuwa akinishikia sauti."

"Basi jaribu bila yeye."

"Hiyo uliyoisikia ndiyo bila yeye."

Maji yakaanguka. Simu ilikuwa ikirekodi maji. Mwenyekiti alisimama pale, na kwa kuwa kinywa chake kilikuwa kimezoea, kikasema chenyewe, taratibu, "Hajalia."

Akangoja aitikiwe. Dada aliinuka, akachukua ungo wake, akaingia ndani.

Ndugu zangu, ndege yule alikufa lini? Msiniambie alikufa kwa ulimbo wa baba. Ulimbo ulimuua akabaki nusu. Ile nusu iliishi katika koo la mwanamke na ndani ya ngozi ya kiumbe mdogo kama ukucha. Ndege alikufa kabisa kwa migomba ya mwana, asubuhi ile alipoandaliwa kimya cha kumheshimu.

Nanyi mmemcheka mwenyekiti. Nimewaona. Sasa tuje kwetu.

Sisi tunamjengea mama kaburi la vigae, mama ambaye nyumba yake ilivuja tukimwambia avumilie mpaka mwisho wa mwaka. Sisi tunashona fulana zenye picha ya baba, na alipokuwa hai tulimpita barazani tukiwa na haraka. Tunasimama kwenye kipaza sauti kusoma wasifu wa marehemu, tunakosea jina la bibi yake, tunakosea mahali alipozaliwa, na anayeyajua yote hayo yuko nyuma ya maturubai akisugua masufuria, hakuna aliyemwuliza. Katika nyumba zetu yupo mmoja ambaye sauti yake inatuchosha. Anarudia habari zilezile. Keng', keng', keng'. Tunamwambia, bibi, nyamaza kidogo, wageni wanasikiliza. Hatujui kwamba juu ya maneno yake hayo yanayochosha ndipo wanapotua waliokufa wetu wote. Akinyamaza yeye, wamenyamaza wote.

Kumlilia aliyekufa ni rahisi. Hakohoi, haombi maji, hatuaibishi mbele ya wakwe. Ndiyo maana tunampenda. Lakini Muumba hakutupa waliokufa tuwatunze, hao anawatunza mwenyewe. Alitupa hawa wenye kelele.

Nilikuwa nimepangiwa, mwisho wa ibada hii, niwaombe msimame kimya kuwakumbuka wazee wetu waliotangulia. Sitawaomba. Kunyamaza tunajua, tumebobea. Nendeni nyumbani. Yule uliyemwambia "baada ya Siku", keti mbele yake leo. Ukimkuta bado anaongea, usimkatize. Na ukimkuta amekwisha nyamaza, usiulize amepatwa na nini. Jiulize wewe: ni nani aliyefunga maji?